Mama Mkunga Anajibu: Damu ilinijia siku ya tisa, na sasa nina mimba nyingine

*Shikamoo Mama Mkunga,*

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 27. Naishi kijiji cha mwambao, kusini mwa Kigoma mjini, huku ambako barabara yetu ni ziwa. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Nina mimba ya wiki 26.

Kwetu tulizaliwa watatu. Kaka yangu mkubwa alifariki akiwa mdogo, baada ya tohara, damu haikukatika. Wa pili amekua akivimba magoti bila kuanguka. Miaka minne iliyopita alipelekwa Muhimbili, akakutwa na himofilia A, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri. Mimi ndiye niliyemsindikiza, na daktari akasema hata mimi nipimwe. Waliniambia fakta namba nane yangu, ile protini inayosaidia damu kuganda, ni asilimia 31, na kwamba siku nikipata mimba niwaambie watu wa kliniki. Karatasi ninayo hadi leo, nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni.

Mtoto wangu wa kwanza, wa kike, nilimzaa kituo cha afya. Sikuona tatizo, damu ilikuwa ya kawaida, siku ya pili nikaruhusiwa. Siku ya tisa nilikuwa nimechutama ufukweni nasugua sufuria kwa mchanga, nikahisi joto miguuni. Nikatazama maji, yamekuwa mekundu. Nilibebwa na boti usiku, nikaongezewa damu chupa tatu. Walidhani kipande cha kondo kimebaki, wakasafisha, hawakukuta kitu. Mama mkwe mpaka leo anasema ni kwa sababu nilitoka nje kabla ya arobaini.

Sasa nimeanza kliniki na kila mtu ana lake. Muuguzi amesema himofilia ni ugonjwa wa wanaume, mwanamke anaubeba tu. Tabibu akasema mimba yenyewe hupandisha hiyo fakta, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Kaka yangu naye anasema nidai dawa ya kugandisha damu. Mimi dawa hiyo naiogopa, maana mama yangu mdogo alifariki wiki mbili baada ya kuzaa kwa operesheni. Mguu ulivimba, kisha pumzi ikakata, tukaambiwa ni damu iliyoganda. Je, nikigandishwa sana si nitakufa kama yeye? Na huyu mtoto akiwa wa kiume? Upande wa mume wangu tohara ni siku ya saba. Na nikihesabu, tarehe yangu inaangukia kwenye giza, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, wanaume wote watakuwa majini.

Naomba unisaidie, mama yangu.

*Mama wa mtoto mmoja, Kigoma*

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale, kwenye maji mekundu. Pole sana. Na hongera kwa kuitunza ile karatasi. Miaka minne, kwenye nyumba ya mwambao ambako unyevu na mende hawaachi kitu, na bado unayo. Hata kama hutasoma zaidi ya mstari huu, karatasi hiyo isikae tena nyumbani. Ikae ndani ya kadi yako ya kliniki, na kila anayekugusa aione kabla hajakuuliza jina.

Muuguzi wako simlaumu sana. Wengi wetu tulifundishwa hivyohivyo darasani, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Lakini si sahihi. Maelekezo ya kutengeneza fakta namba nane yamo kwenye kromosomu ya X. Mwanaume anayo moja tu; ikiwa na kasoro hana ya akiba, ndiyo maana kaka zako waliumia vile. Mwanamke anazo mbili, na ile nzima humsaidia, kwa hiyo wengi hubaki na nusu ya kiwango hivi. Ila hiyo nusu ni wastani. Yuko mwanamke mwenye asilimia 70, na yuko mwenye 20. Kiwango cha kawaida ni kati ya 50 na 150. Aliye chini ya 40 lakini juu ya 5 anahesabiwa kuwa ana himofilia nyepesi, awe mume au mke. Wewe una 31. Kwa hiyo hubebi tu, mwanangu. Wewe mwenyewe unaumwa, na una haki ya kutunzwa kama mgonjwa.

Sasa maneno ya tabibu. Yeye amesema kweli, lakini amekatia katikati, na ile nusu aliyoiacha ndiyo iliyokubebesha boti usiku.

Ni kweli mimba hupandisha fakta namba nane. Hupanda taratibu na hufika juu zaidi miezi mitatu ya mwisho. Kwa wanawake wengi huongezeka hata mara mbili. Mwenye 31 anaweza kuingia leba na 60 au 80, akazaa kama mtu mwingine yeyote. (Kwa wenye himofilia B, ambao upungufu wao ni wa fakta namba tisa, kupanda huko hakupo au ni kidogo sana, kwa hiyo dada unayesoma hapa na kwenu ni B, usijifariji kwa hili.) Kisha mtoto akishatoka, ile fakta huanza kushuka. Haishuki siku hiyo. Huanza baada ya siku chache, na ndani ya wiki moja hadi tatu imerudi ilikokuwa, kama ziwa linavyorudi kwenye mstari wake masika yakiisha.

Rudi sasa kwenye siku yako ya tisa.

Siku ya kuzaa, kinachozuia damu kwanza ni mji wa mimba wenyewe. Kondo likitoka, mji hujikaza kama ngumi, na mishipa iliyokuwa imeachwa wazi hubanwa. Ukichanganya na fakta iliyokuwa bado juu, ukaruhusiwa siku ya pili na kila mtu akaona mambo yamekwenda vizuri. Lakini pale kondo lilipokuwa limejishikiza hubaki kidonda kikubwa, na kidonda hicho hupona kwa wiki kadhaa, kikiwa kimefunikwa na damu iliyoganda. Fakta ikishuka, ile damu iliyoganda inakuwa dhaifu. Inamomonyoka. Ndiyo maana walisafisha wasikute kipande cha kondo. Hakikuwepo. Na hukukosa miiko yoyote.

Mama mkwe wako nisingependa umdharau. Wazee walipoweka arobaini walikuwa wameona kitu. Walijua kwamba mzazi hajawa salama mpaka siku hizo ziishe, wakamlaza, wakampikia, wakamzuia kuchota maji. Sisi wa hospitali tunahesabu siku 42 na tunaziita wiki sita, tofauti ya siku mbili tu na za bibi zetu. Mwambie hivi: arobaini ni kweli, na safari hii tutaifunga pamoja, ila tutaifungia karibu na hospitali. Mimi naamini atakuelewa kuliko unavyodhani. Mtu aliyeona mkwewe akibebwa na boti usiku hasahau.

Naomba nikuambie jambo ambalo sijaliandika kabla. Nikiwa mkunga kijana, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama mmoja siku ya kumi na moja baada ya kuzaa. Alikuwa anatoka damu. Tukambonyeza tumbo, mji ulikuwa mgumu, tukampa vidonge vya kuongeza damu, nikaandika kwenye daftari kwa mkono wangu: "damu ya nifasi, ya kawaida". Akarudi kesho yake. Tukamrudisha tena. Siku ya tatu aliletwa kwenye machela ya miti, macho meupe kama karatasi. Alipona, kwa rehema za Mungu na damu ya ndugu zake wawili. Baadaye sana, nikiwa nimeshasoma zaidi, nikakumbuka alichosema mama yake mlangoni: "Na mimi nilikuwa hivihivi, na mtoto wangu wa kiume alikufa kwa jino." Maneno hayo niliyasikia. Sikuyaandika popote. Ndiyo maana barua kama yako siwezi kuijibu kwa mistari mitano.

Basi tufanye nini.

Una wiki 26. Kati ya wiki ya 28 na ya 34 fakta yako ipimwe tena, kwa sababu ile 31 ni ya siku ambayo hukuwa na mimba. Kipimo hiki si kile cha kutoboa kidole na kuhesabu dakika, wala si kile cha maabara kinachoangalia muda wa damu kuganda kwa jumla. Hicho cha jumla kinaweza kutoka kizuri kabisa ilhali fakta iko chini. Ukiambiwa "damu yako inaganda vizuri," uliza kwa heshima: fakta namba nane ni asilimia ngapi? Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ukiwa na karatasi yako na kadi, uombe kuonana na daktari wa wanawake, si kuishia dirishani. Mwombe awapigie simu wenzake wa kliniki ya himofilia Muhimbili, au hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako kanda yenu hupeleka rufaa, wakubaliane upimwe wapi na nani ataandika mpango wa kujifungua. Simu hiyo ipigwe kabla hujapanda gari au treni. Nimeona wajawazito wakisafiri kutwa kucha kufuata kipimo, wakifika wanaambiwa siku yake ilikuwa jana.

Na ukisafiri, usikae kitini mwanzo mwisho. Kila saa simama, tembea kwenye behewa, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji hata kama unaogopa kutafuta choo. Hili nitalirudia chini, kwa sababu ya mama yako mdogo.

Lengo la madaktari ni uwe na angalau asilimia 50 siku ya kujifungua, na ibaki hapo juu kwa siku tatu ukizaa kwa njia ya kawaida, au tano ukizaa kwa operesheni. Ukiwa tayari umefika, huhitaji kuongezewa fakta wakati wa leba. Ukiwa hujafika, utaongezewa kwa mshipa. Ipo pia dawa iitwayo desmopresini, inayoamsha fakta namba nane iliyo akiba mwilini. Hiyo daktari ataiamua mwenyewe kwa uangalifu, maana inataka maji ya kunywa na ya dripu yapimwe. Hata sindano ya ganzi ya mgongoni inategemea namba hiyo hiyo: chini ya 50 haichomwi, kwa sababu damu ikivuja kwenye uti wa mgongo inaweza kukupoozesha. Unaona kwa nini naing'ang'ania namba. Bila namba, mtu wa ganzi atakuwa anabahatisha.

Kama wiki ya kujifungua itafika na kipimo hakijapatikana, wakuhudumie kama mtu ambaye fakta yake iko chini. Ni bora hadhari ya bure.

Kuhusu damu: zile chupa tatu zilikuokoa, lakini damu iliyokaa benki siku nyingi hurudisha wekundu tu, fakta namba nane ndani yake inakuwa imeshapungua sana. Inayosaidia kuganda ni fakta yenyewe, au krayo (sehemu ya damu iliyotengwa, yenye fakta nyingi), au plazma iliyohifadhiwa kwenye barafu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kiko Tabora, na hospitali ndiyo inayoomba, si wewe. Kazi yako ni kumkumbusha daktari aombe mapema. Ndugu wawili au watatu wa kundi lako la damu wajulikane kwa majina na namba za simu. Na vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki usiviache kwa sababu vinakuletea kichefuchefu. Meza baada ya ugali wa usiku. Mwanamke anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza.

Ukijifungua, upate ile sindano ya oksitosini ya kukaza mji wa mimba kama kila mzazi. Fakta ikiwa chini, wakuchome kwenye mshipa badala ya paja. Usiongezewe njia bila sababu ya lazima, na ukichanika ushonwe mapema na vizuri. Damu yako wasiikadirie kwa macho. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizoshiriki utafiti uliotangazwa mwaka 2023, ambapo mzazi aliwekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu, na hatua zote za matibabu zikaanza kwa pamoja mara alama ilipofikiwa. Kutoka damu nyingi sana kulipungua zaidi ya nusu. Macho ya mkunga, hata mzoefu, hudanganywa na kanga.

Kwa maumivu, panadol inakufaa. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini hapana, hata kama zimezoeleka wodini, kwa sababu zinapunguza nguvu ya damu kujishikiza. Kama umeshaandikiwa asprini kwa ajili ya presha ya mimba, usiikatishe kimyakimya. Mwonyeshe daktari ile karatasi aamue.

Nimefika kwenye hofu yako kubwa.

Dawa anayoisema kaka yako nadhani ni asidi ya traneksamiki. Jina lake la mtaani, "dawa ya kugandisha damu", ndilo linalotisha. Yenyewe haitengenezi bonge jipya. Inachofanya ni kuzuia bonge lililokwisha kujengeka lisimomonyolewe haraka, na wewe shida yako ni hiyo hasa. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 20,060 waliotoka damu nyingi baada ya kuzaa, katika nchi 21, na Tanzania ilikuwamo. Waliopewa dawa hii mapema, ndani ya saa tatu, vifo vya kutoka damu vilipungua, na damu kuganda kwenye miguu na mapafu haikuzidi kwa waliopewa kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huohuo. Kwako madaktari wengi hutoa pia vidonge vyake baada ya kuzaa, mpaka damu ya nifasi ipungue. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, unaweza kunyonyesha.

Lakini nisikudanganye kwamba hofu yako haina mashiko. Mimba huifanya damu ya kila mwanamke igande upesi zaidi, na hali hiyo huendelea wiki kadhaa baada ya kuzaa. Ndivyo Mungu alivyotulinda tusiishiwe damu kondo likitoka. Mwenye himofilia hana kinga kamili dhidi ya hilo, hasa fakta yake ikiwa imepanda juu sana kwa mimba kisha akaongezewa nyingine bila kupima, akazaa kwa operesheni, akalala kitandani siku nne bila kusogea, na vidonge vya traneksamiki juu yake. Mambo hayo yakikutana ndipo mguu unapovimba. Kwa hiyo jibu la swali lako haliwi kuikataa dawa. Ni kupimwa kabla ya kuongezewa, na kupewa kiasi kinachohitajika kwa siku zinazohitajika.

Wewe kwa upande wako shuka kitandani siku ileile, hata hatua kumi za kwenda dirishani. Kunywa maji na uji. Arobaini isiwe ya kulala tu. Mama mkwe akuruhusu kutembea uani. Na kama baada ya operesheni utaandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, kama wanavyofanya kwa wengi, uliza kwanza fakta yako ya siku hiyo ni ngapi. Kwako kuna njia nyingine ya kuanzia, kama soksi za kubana miguu. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukiuma nyuma ya goti au kwenye kigimbi, au kifua kikibana na pumzi ikawa fupi, usisubiri asubuhi. Mama yako mdogo, Mungu amrehemu, mguu wake ulikuwa umeshasema.

Tuje kwa mtoto. Kabla hujajua jinsia, uwezekano wa mtoto wa kiume mwenye himofilia ni mmoja kati ya nne. Ukijua ni wa kiume, unakuwa nusu kwa nusu. Ndiyo sababu kwako ultrasaundi ya kuangalia jinsia haina umbea ndani yake. Ombeni muijue. Unaweza kuzaa kwa njia ya kawaida, si lazima operesheni. Kisichotakiwa ni leba ndefu ya kusukumana na mtoto kuvutwa kichwa kwa vakyumu au koleo. Kichwa cha mtoto mwenye himofilia kikivutwa, damu inaweza kuvujia ndani ya ubongo. Leba ikikwama, waende kwenye operesheni mapema. Hili liandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu usiku wa manane mtoto akichelewa, mkono huenda kwenye vakyumu bila kufikiri.

Mara kitovu kikikatwa, damu ya kipimo ichukuliwe kwenye kitovu upande wa kondo. Mtoto hachomwi. Vitamini K asinyimwe, ila apewe kwa mdomo au isubiri jibu, isiwe sindano ya paja. Siku za mwanzo mtazame: akigoma kunyonya, akilia kilio chembamba kisichonyamaza, utosi ukivimba, akipauka au akipata degedege, ni hospitali saa ileile.

Na tohara ya siku ya saba, hapana. Mpaka jibu litoke, na likitoka ana himofilia, ifanywe hospitali na watu wanaoijua, akiwa ameandaliwa kwa fakta. Mume wako amkumbuke shemeji yake aliyelala kaburini. Tohara haipotei kwa kuchelewa. Pamoja na tohara nataja kimeo, kwa kuwa najua kwetu mtoto akikohoa wiki mbili kuna atakayesema akatwe kimeo. Asikatwe. Wala asichanjwe chale. Mtoto wa kike naye masikio yasitogwe kabla hajapimwa, na yule binti yako wa kwanza apimwe pia, mapema, kabla hajavunja ungo. Hedhi ya kwanza ya msichana mwenye fakta ndogo inaweza kumlaza wodini.

Kama kuna mtu kwenye ukoo wa mume wako anasema umewaletea mkosi, mweleze kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wa himofilia huzaliwa kwenye familia ambazo hazijawahi kuwa nayo kabisa. Hakuna mlango ambao ugonjwa huu hauwezi kuuingia.

Sasa giza. Umenifurahisha ulivyohesabu kwa mwezi, na hapo umewaza kuliko wengi. Boti ya mwisho wa mwezi, wanaume wote majini na taa zao, upepo wa kusini umeanza: hapo si pa kuanzia uchungu. Wiki ya 36 ikifika uwe umeshahamia Kigoma mjini, chigonela (nyumba ya wajawazito ya kusubiria uchungu) kama ipo nafasi, au kwa ndugu Ujiji au Mwanga, mahali ambapo bajaji inafika mlangoni hata usiku. Panga hili na mume wako wakati wa mbalamwezi, akiwa nyumbani ametulia, na hela za dagaa za giza moja ziwekwe kando kwa ajili yake. Na usirudi kijijini siku ya saba. Baki mjini wiki tatu, ikiwezekana nne, kwa sababu ndizo wiki ambazo fakta inashuka. Mwombe mkunga akupigie au mpigie wewe siku ya tano, ya kumi, na ya kumi na tano, hata kama huna neno.

Ukiwa huko, kila kitambaa ukikibadilisha kitazame. Kikilowa chote ndani ya saa moja, na cha pili kikalowa vilevile, au likitoka bonge kubwa kuliko yai la kuku, au damu iliyokuwa imeshafifia rangi ikarudi nyekundu mbichi, nenda Maweni. Usikandwe tumbo kwa maji ya moto ukidhani ni uchafu unatoka. Ukifika wakisema ni nifasi ya kawaida, usirudi nyumbani, mwanangu. Kaa kwenye benchi na uwaonyeshe karatasi.

Maneno haya yanakili kwa kalamu ya wino, uyabandike kwenye kadi, na nakala nyingine akae nayo atakayekusindikiza:

"Nina himofilia A nyepesi. Fakta namba nane bila mimba ni asilimia 31. Uzazi uliopita nilitoka damu siku ya 9, nikaongezewa chupa 3. Kaka yangu ana himofilia A. Fakta ya mimba hii, wiki ya __ , ni asilimia __ . Ikiwa chini ya 50 au haijulikani: sindano ya mgongo isichomwe, sindano za msuli zisichomwe, daktari aitwe. Traneksamiki iwe tayari. Usitumie diklofenaki. MTOTO ASIVUTWE KWA VAKYUMU. Damu ya kitovu ichukuliwe. Asitahiriwe kabla ya jibu. Nisiruhusiwe bila mpango wa wiki tatu."

Nafasi mbili nimeziacha wazi. Zikijazwa, niandikie namba hiyo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

*Mama Mkunga*